Kitasa cha Chumba Namba Nne

Wiki iliyopita niliwaacha na mguu wa Sajini. Mguu mmoja ndani ya chumba namba nne, mwingine koridoni, kichwa mvunguni mwa kitanda, na mkono umeshika kitu kizito kisichotaka kuvutika. Watu wanane wamenisimamisha njiani kuniuliza kama ni maiti. Si maiti, jamani. Punguzeni roho mbaya.

Lilikuwa gunia.

Sajini, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, alilivuta mpaka katikati ya chumba, akalegeza kamba, akaingiza mkono. Akatoa mita ya umeme, mpya kabisa, bado imevaa nailoni ya kiwandani. Akatoa ya pili. Konstebo aliyekuja naye akaanza kuhesabu kwa sauti, na alipofika kumi na moja gunia likawa tupu.

“Ndizo zenyewe,” konstebo alisema. “Zile zilizoibwa stoo ya shirika la umeme Jumapili.”

Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni. Mjane wa miaka sitini na mbili, mpishi mstaafu wa shule. Wapangaji wake wanamwita Mama Kitasa akiwapa kisogo, naye anajifanya hajui. Nyumba ile ya vyumba sita aliijenga chumba kimoja kimoja kwa miaka kumi na tisa, na hakuna tofali ambalo hakulimwagilia maji kwa mkono wake. 

“Afande, hizo si zangu.”

“Sijasema ni zako. Hapa anakaa nani?”

“Mwalimu. Alikuwa akifundisha hesabu. Kasafiri tangu Jumamosi, kaenda kumwona mjukuu.”

“Nimesharudi,” ilisema sauti nyuma yao.

Wote wakageuka. Mwalimu alikuwa koridoni na begi lake mkononi, vumbi la safari bado liko kwenye viatu. Aliliangalia gunia, akaziangalia mita. Kisha akauangalia ufunguo uliokuwa mkononi mwa mwenye nyumba wake, na macho yakabaki pale pale.

“Mama. Umewafungulia wewe mwenyewe?”

“Wana hati ya upekuzi, Mwalimu. Ningefanyaje?”

“Miaka tisa nakaa kwako. Hata simu umeshindwa kunipigia?”

Mama Kitasa akafungua mdomo, lakini konstebo alikuwa na haraka zake. Pingu zilifungwa kabla Mwalimu hajatua begi. Likaanguka lenyewe, likafunguka, na soksi na mswaki vikatawanyika sakafuni mbele ya wapangaji waliokuwa wamejaa koridoni na vikombe vyao vya chai.

Kwa msomaji aliyejiunga nasi leo: huyu Mwalimu ndiye aliyeiandika ile barua, kwa mwandiko wake wa ubaoni, ya kumjulisha Bwana Ghorofa kwamba nyumba haiuzwi. Bwana Ghorofa ni mwekezaji. Ameshanunua nyumba zote za mtaa ule, kushoto na kulia, na kote kumebaki mabati ya kijani na mashimo ya msingi. Nyumba moja tu imemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hiyo hiyo.

Sajini alikuwa amepiga magoti tena, safari hii mbele ya mlango. Alipapasa kizingiti, akakagua kitasa, akaenda dirishani akatikisa nondo moja baada ya nyingine.

“Mlango haukuvunjwa,” alisema. “Nondo ni nzima. Aliyeingia humu aliingia kwa ufunguo. Funguo ziko ngapi?”

“Mbili. Mmoja wa mpangaji, mwingine wangu.”

“Wangu ninao mfukoni tangu Jumamosi,” Mwalimu alisema. “Nikaguliwe.”

Konstebo akamkagua. Ulikuwepo.

“Lete wa kwako, Mama.”

Mama Kitasa akampa. Sajini aliugeuza, akasoma kibati kilichoning'inia kwenye waya, akakunja uso.

“Hapa pameandikwa mbili. Nimekuona mwenyewe ukifungulia namba nne.”

Sasa hapa, wasomaji wangu, inabidi Mama Kitasa atoe siri ya kazi yake, na wenye nyumba wenzake mnisamehe kwa kuichapa gazetini. Mpangaji akihama, huondoka na ufunguo wa akiba aliouchongesha kimyakimya. Wote wanafanya hivyo. Kununua kitasa kipya kila mtu anapohama ni kazi isiyokwisha, kwa hiyo yeye huhamisha. Kitasa cha namba mbili kinakwenda namba nne, cha nne kinakwenda mbili, na yule aliyehama akija kunyemelea anakuta ufunguo wake haupiti. Ndiyo maana ya lile jina lake.

“Na vibati hubadilishi?” Sajini aliuliza.

“Nikibadilisha siri iko wapi? Funguo zote ziko msumarini jikoni kwangu, kila mtu anaziona. Mwizi achukue namba nne akahangaike nayo.”

Kwa mara ya kwanza Sajini akatabasamu, kidogo tu, upande mmoja wa mdomo.

“Lini ulihamisha hiki?”

“Mwezi uliopita. Mwalimu alikuwa sokoni, nilipomaliza nikampa ufunguo wake mpya. Nilifunga mlango wa koridoni nikafanya peke yangu.”

“Nani mwingine anajua kwamba mbili ndiyo nne?”

“Mimi na bisibisi yangu.”

Tabasamu la Sajini likaondoka. “Basi umejifunga mwenyewe, Mama. Kama hakuna mwingine anayejua, gunia hili ama Mwalimu kampa mtu ufunguo, ama uliliingiza wewe. Na likiwa lako, nyumba inapigwa lakiri kama ghala la mali ya wizi.”

Neno lile *lakiri* lilimwingia Mama Kitasa kama maji ya baridi mgongoni.

Sajini alimvuta pembeni, mbali na masikio ya koridoni, akamrudishia ufunguo.

“Kwa utaratibu ningeondoka na huu, na wewe juu yake. Lakini nimepekua nyumba nyingi, na sijawahi kuambiwa mapema nianzie mvungu upi. Leo niliambiwa. Sikupenda. Uangike pale pale msumarini, kama kawaida. Kisha kaa na watu wako, uwasikilize. Saa kumi kamili uwe kituoni na ufunguo huo, daftari la wapangaji na jibu.”

“Na Mwalimu?”

“Mwalimu analala mahabusu mpaka hilo jibu lipatikane.”

Mdogo wake Mama Kitasa ndiye aliyefika wa kwanza, na alifika na jasho la mbio. Huyu ni dalali wa nyumba na viwanja, mtu wa maneno matamu na viatu vilivyochongoka. Nani asingemshuku? Hata mimi ninayeandika nilimshuku. Dada yake alimlea tangu akiwa wa kubebwa, na siku ile alimkaribisha jikoni huku akimwangalia mikono.

“Dada, nimesikia sokoni! Mita kumi na moja?”

“Nani kakwambia kumi na moja?”

“Mtaa mzima unasema kumi na moja, Dada. Kwani ni ngapi?”

Mama Kitasa akanyanyua macho. Juu ya kichwa cha dalali, kwenye msumari wake, funguo sita zilikuwa zimetulia.

Kabla hajamaliza kumpima, mlango ukasukumwa na binti yake akaingia analia. Ni mtoto wake wa pekee, msichana wa miaka ishirini na sita anayefanya kazi duka la fotokopi, ng'ambo ya barabara tu na kituo cha polisi. Alimkumbatia mama yake, akamkalisha kwenye kigoda, akamvua viatu. Kisha akabandika maji ya chai bila kuulizwa. Mama Kitasa akaona moyo unarudi mahali pake. Binti huyu ndiye macho yake. Ndiye anayeandika daftari la wapangaji, majina na picha na namba za vitambulisho, na ndiye anayelipeleka polisi kila mwisho wa mwezi, kama wenye nyumba wote wanavyotakiwa.

“Mwalimu wa watu!” binti alisema huku akifuta pua. “Mtu mwenye heshima zake hivyo.”

“Hakufanya,” mama alisema.

“Basi nani, Mama? Watasema ni wewe.”

“Ndivyo wanavyosema.”

Mara nje kukasikika mlango wa gari. Bwana Ghorofa hakubisha hodi. Mtu aliyenunua mtaa mzima husahau kubisha. Aliingia na bahasha ya kaki chini ya kwapa, akavua kofia, akatafuta pa kuketi, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

“Mama yangu,” alisema kwa sauti ya msibani. “Nimeumia sana.”

“Umeumia wapi?”

“Moyoni. Sikiliza. Mkuu wa Kituo ni mtu wangu, tunaelewana. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wenye nyumba na wawekezaji, unajua. Nikimwambia hili jambo ni la kutoelewana tu, mita zinarudi stoo, Mwalimu anarudi kwake, wewe hulali ndani hata siku moja.”

“Na wewe unapata nini?”

Bwana Ghorofa aliiweka bahasha juu ya meza, akaigonga kwa kidole mara mbili.

“Saini yako. Yale yale tuliyoongea. Ukiweka kabla ya saa kumi, mimi nitakuwa nimeshafika kwa Mkuu. Baada ya saa kumi, Mama yangu, mkono wangu haufiki.”

Akaondoka. Nani alimwambia habari ya saa kumi? Mama Kitasa alijiuliza hilo baadaye. Wakati ule alikuwa akiiangalia bahasha.

“Dada, kweli kabisa nakwambia,” dalali alisema, “mimi ni mtu wa kuuza, nakula kwa kuuza. Lakini hii usiuze. Anakutisha. Mtu anayekutisha hana bei nzuri.”

Mama Kitasa akamwangalia kwa mshangao. Hayo ndiyo maneno aliyotegemea kuyasikia kwa binti yake.

“Kwa Mjomba ni rahisi kusema,” binti alisema kutoka penye jiko, akiwa amewapa mgongo, anakoroga chai. “Mjomba halali hapa. Mama, uza.”

“Umesema?”

“Uza. Umechoka. Na mimi nimechoka. Unakumbuka nilipokuwa chuo mwaka wa pili? Ulisema paa kwanza, chuo baadaye. Paa lilipokwisha ukasema sakafu. Sakafu ilipokwisha ukasema vyoo. Hiyo baadaye ndiyo bado naingojea mpaka leo, natoa fotokopi za vyeti vya watu wengine.”

Ilikuwa kweli, na ilimuuma kwa sababu ni kweli. Alitaka kusema, mwanangu, nyumba hii ni yako, kwani nilikuwa namjengea nani? Lakini muda ulikuwa unakwisha. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro. Akasema tu jambo lililokuwa karibu.

“Mdogo wangu, hebu nipe ufunguo wa chumba namba nne hapo msumarini. Sajini anautaka.”

Dalali akanyoosha mkono bila hata kusimama, akachukua wenye kibati cha namba nne, akampa.

“Huu hapa, Dada.”

“Siyo huo, Mjomba,” binti alisema.

Aliweka kijiko chini, akafuta mikono kwenye kanga, akaenda msumarini. Vidole vyake havikutafuta. Akachukua wenye kibati cha namba mbili, akauweka kwenye kiganja cha mama yake, akarudi kwenye chai.

“Huu umeandikwa mbili,” dalali alisema.

“Vibati vimechanganyika tu. Huo ndio unaofungua.”

 Mama Kitasa aliufumba mkono. Ufunguo ulikuwa wa baridi. Mtu asiyejua angechukua nne, kama mjomba alivyochukua. Ili ujue kwamba mbili ndiyo nne, lazima uwe umesimama mbele ya mlango ule mwenyewe, ukajaribu wa kwanza ukagoma, ukajaribu wa pili ukagoma, mpaka mmoja ukazunguka.

Alitaka kupiga kelele. Alitaka kumshika mabega amtikise kama alivyokuwa akimtikisa utotoni akila udongo. Badala yake akasikia mdomo wake ukiuliza:

“Mwanangu, umekula?”

“Bado, Mama. Nitakula ukirudi.”

“Haya. Nipe na daftari.”

Kutoka nyumbani mpaka kituoni ni mwendo wa dakika ishirini, na Mama Kitasa alikwenda kwa arobaini. Jua lilikuwa kali. Alipita mabati ya kijani ya Bwana Ghorofa, moja baada ya jingine, akizungumza peke yake hata watu wakampisha njia.

Angemtaja? Akimtaja, nyumba inapona, Mwalimu anatoka, na mwanawe anaingia. Msichana wa miaka ishirini na sita, na rekodi ya wizi. Fotokopi hata hiyo hatapewa kutoa tena. Akinyamaza, Mwalimu anaozea ndani kwa kosa ambalo hata harufu yake hakuisikia. Akitia saini ya Bwana Ghorofa, miaka kumi na tisa imekwenda na mwizi anaitwa mfadhili.

Wahenga walisema mtoto akikunyea mkono huukati mkono. Alipofika kwenye lango la kituo alikuwa ameamua. Atasema ni yeye. Wachukue nyumba, wamchukue na mwenyewe. Paa kwanza, chuo baadaye: basi hilo deni la mwanawe alilipe leo, liishe.

Kituo kilikuwa kimepakwa rangi mpya. Kijani. Ile ile ya mabati. Mama Kitasa alikuwa ameiona mwezi uliopita na hakuwaza lolote, maana siku hiyo alikuwa na furaha zake. Kwenye mkutano wa wenye nyumba, hapo kwenye mabenchi ya uani, Mkuu wa Kituo alilinyanyua daftari lake juu na kusema hili ndilo daftari la mfano, na wote wakapiga makofi. Bwana Ghorofa, aliyetoa ile rangi na matairi ya gari la doria, alipiga makofi kuliko wote. Binti alikuwa ameketi ubavuni mwa mama yake. Na sasa alikumbuka kwamba Bwana Ghorofa hakuwa akimwangalia yeye alipokuwa akipiga.

Alimwona Mwalimu nyuma ya nondo, ameketi sakafuni na miguu mitupu. Mkanda na viatu walikuwa wamevichukua.

“Mwalimu, leo utatoka.”

Mwalimu hakunyanyua uso. “Umetia saini?”

“Sikutia.”

“Basi nitatokaje?”

“Kwa mdomo wangu.”

Akanyanyua uso sasa. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini, na jibu lisilokaa sawa alilijua hata kabla halijaandikwa.

“Usiniokoe kwa uongo, Mama,” alisema. “Nikitoka hivyo sitakushukuru.”

Akaenda moja kwa moja kwa Sajini.

Sajini alikuwa katika chumba kidogo chenye meza moja na viti viwili. Alifunga mlango. Akapokea daftari, akapokea ufunguo, akaviweka sambamba juu ya meza kama mtu anayeandaa chakula. Akachukua kalamu.

“Uliuangika?”

“Niliuangika.”

“Ukasikiliza?”

“Nikasikiliza.”

“Nani alichukua mbili?”

Mama Kitasa alinyoosha mgongo. Sauti ilitoka nzima kuliko alivyotarajia.

“Hakuna aliyechukua, Afande. Andika. Ufunguo niliutumia mimi. Gunia niliweka mimi. Mwalimu hajui lolote, mtoe.”

Kalamu haikugusa karatasi. Sajini alimtazama mpaka Mama Kitasa akashusha macho.

“Mama, mimi nina mama,” alisema. “Kwa hiyo nakuuliza kama binti, siyo kama polisi. Una uhakika na hayo unayotaka niandike?”

“Nina uhakika.”

“Kabla sijaandika, soma hii. Nilikwenda kutafuta ni nani aliyetuambia tuanzie mvunguni. Nimeikuta kwenye faili la Mkuu. Yeye hajui kama nimeitoa.”

Aliivuta karatasi kutoka chini ya daftari, akaisukuma mbele ya meza. Ilikuwa fomu ya maelezo ya shahidi. Mama Kitasa hakuhitaji kusoma jina. Mwandiko ule aliujua, herufi zile za mviringo zilizolala upande wa kulia. Daftari lililokuwa pembeni lilikuwa limejaa hizo hizo, ukurasa baada ya ukurasa, kwa miaka mitatu.

*Mimi ni binti wa mwenye nyumba. Mama yangu ana tabia ya kupokea mali za wizi na kuzificha kwenye vyumba vya wapangaji wanaosafiri. Hivi sasa ana mita za umeme kumi na moja, mvunguni, chumba namba nne. Funguo zote anazishika yeye. Mwalimu hahusiki.*

Alisoma mara mbili. Mara ya pili alisoma kwa kidole, kama wanavyosoma watoto.

Kwa hiyo hawakumtega Mwalimu. Mwalimu alikuwa mpita njia. Mtego ulikuwa wake yeye tangu mwanzo, na mtoto ambaye yeye alikuwa amekuja kumfia alikuwa ameshamuuza.

“Aliandika lini?” aliuliza.

“Tarehe iko juu hapo. Jumatatu.”

Jumatatu. Jumatatu mgongo ulimuuma, akashindwa kuinama. Binti alimchemshia maji ya kuoga, akamsugua mgongo kwa mafuta ya moto, akamwambia pole Mama, kesho utaamka mzima. Alikuwa ametoka kuandika haya. Wino ulikuwa haujakauka vizuri, na mkono uliomsugua ndio huo huo.

Machozi hayakuja. Angeyashukuru kama yangekuja. Kilichokuja ni hasira safi, ya kujua imesimama wapi, na alishangaa kuona haitetemeki.

“Lile neno langu umeliandika?” aliuliza.

“Neno lipi?”

“Kwamba ni mimi.”

“Sijaandika hata nukta.”

“Usiandike.”

Sajini akavuta karatasi nyeupe. Akaandika tarehe juu, akaandika saa. Akanyanyua uso.

“Nauliza upya basi, na safari hii ni polisi anayeuliza. Nani alichukua ufunguo wenye kibati cha namba mbili?”

Mama Kitasa akavuta pumzi. Jina lilikuwa tayari ulimini, lile jina alilolichagua mwenyewe akiwa kitandani hospitalini na mtoto mchanga kifuani. Alikuwa hajawahi kulitamka kwa mtu mwenye kalamu isipokuwa siku ya kuandikisha shule.

Mlango ukagongwa. Haukungoja jibu, ukafunguliwa.

Alikuwa binti. Nyuma yake koridoni alisimama Mkuu wa Kituo, mikono nyuma, akitabasamu kama mwenyeji wa shughuli. Binti alikuwa na mfuko wa plastiki. Aliuweka juu ya meza, juu ya ile fomu bila kuiona, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja: mswaki wa mama yake, sabuni, kanga mbili, na blanketi lile zito la msimu wa baridi.

“Nimekuletea hivi, Mama,” alisema kwa upole. “Sakafu ya humu ina baridi sana alfajiri.”

Ilikuwa saa kumi na robo. Jua lilikuwa bado linachoma dirishani, na katika chumba kile hakuna mtu aliyekuwa amesema kwamba Mama Kitasa atalala ndani.

Sajini aliutazama mswaki. Kisha akaishusha kalamu taratibu mpaka ncha ikagusa karatasi, akangoja.

“Mwanangu,” Mama Kitasa alisema, “funga huo mlango. Wewe baki ndani.”